Sifuri ya Mama Kikapu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta mjinga mwingine njiani. Wapo waliokaribia, lakini hakuna aliyenifikia.

Mimi ni fundi lifti. Kazi yangu ni kuning'inia kwenye mashimo marefu yenye giza, tochi mdomoni, nikisikiliza nyaya zinavyolalamika. Kazi hii imenipa makovu ya mikono, masikio makubwa na jina la utani. Jengo zima tunaloishi wananiita Kidole, kwa sababu nikiingia kwenye lifti yoyote, hata ya watu nisiowajua, lazima nibonyeze vitufe vyote nione kama vinaitika. Nimeshatukanwa kwa hilo na watu wa kila cheo.

Dada yangu, ambaye ndiye mkubwa, ni mtu wa kompyuta. Kuna kipindi yeye alikuwa hana ajira na mimi nilikuwa na plasta mguu mzima, baada ya kuteleza kwenye ngazi. Fundi lifti kuvunjwa mguu na ngazi. Aliyetaka kucheka alicheka, na mimi nikamsaidia. Tulikuwa tunakaa sebuleni kwa mama, tumechoka kutazamana, tukaanza kutengeneza mchezo wa kompyuta. Mchezaji ni mwendesha lifti katika jengo refu. Wapangaji wanafika mlangoni, huyu anapanda, yule anashuka, na wewe unawabeba. Ukimfikisha mtu anakokwenda unapata pointi. Ukimchelewesha, uso wake unaanza kuwa mwekundu mpaka unafanana na nyanya.

Dada aliandika msimbo, yale maagizo ambayo kompyuta inayafuata. Mimi nilichora wapangaji nikawapa tabia na maneno, na wala sikujisumbua kubuni. Niliwachukua majirani zetu wazimawazima. Jirani wa mlango wa pili, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, niliingiza mpaka namna anavyokohoa kabla ya kutoa habari. Na nilimwingiza mama.

Kwenye mchezo anaitwa Mama Kikapu. Anakuja polepole na kikapu chake, anaingia, na mlango ukianza kujifunga anauzuia kwa kikapu ili amalizie mazungumzo na mtu aliyebaki nje. Kisha anamgeukia mwendesha lifti na kumrushia neno. "Leo umechana nywele, unamwendea nani?" Au: "Huo mlio ni wa lifti au wa tumbo lako?" Yote hayo niliyatoa mdomoni mwake, yeye akiwa jikoni hana habari kwamba anaandikwa.

Mchezo wenyewe tuliuachia huria. Maana yake, msimbo wake uko wazi kwa dunia nzima. Anayetaka anauchukua, anaucheza, anaukata na kuushona upya kwa matumizi yake, bila kutuomba ruhusa, mradi tu ataje walioutengeneza. Kwa toleo letu lenyewe, dada aliweka kanuni moja asiyoilegeza: hakuna badiliko linaloingia mpaka watu wawili wamelisoma na kulikubali, yaani mimi na yeye. Hata nikitaka kubadilisha rangi ya mlango, nasubiri dada asome, aulize kwa nini, akunje uso, ndipo akubali.

Hatukutegemea makubwa. Lakini watu wakaupenda, na zaidi ya mchezo wakampenda Mama Kikapu. Watu wa nchi ambazo siwezi hata kuzionyesha kwenye ramani walitafsiri maneno yake kwa lugha zao, wakatuandikia kuomba mengine. Kila nikimsomea mama barua hizo anauliza swali lilelile, kwamba hao watu hawana mama zao?

Basi, mwaka huu ukaja ujumbe kutoka kampuni kubwa ya teknolojia, moja ya zile ambazo ukitaja jina lake mtu anakaa vizuri kwenye kiti. Aliyeandika alikuwa mtafiti wao. Alisema wamefundisha mashine yao, hizi za akili bandia, kucheza mchezo wetu wa lifti, na wataionyesha kwenye maonyesho ya utafiti katika ukumbi mmoja hapa mjini kwetu. Hakulazimika kutuambia, ruhusa tulishaitoa kwa kila mtu, lakini aliona si adabu kuingia nyumba ya watu kimyakimya. Aliambatisha video ya maonyesho yote tuione kabla, na akatualika pamoja na familia.

Dada alikuwa safarini kikazi, akaniachia mimi niitazame ile video nimwambie ikoje. Niliifungua nikiwa nimesimama. Nikaona skrini kubwa, nikaona jengo letu, nikaona lifti yetu, na mara Mama Kikapu akatokea ghorofa ya chini na kikapu chake. Sikusubiri zaidi. Nilifunga simu nikatoka mbio kutangaza kwamba mama yetu atapanda lifti mbele ya wakubwa wa dunia. Dada nilimwandikia maneno mawili: "Iko safi."

Nikimwambia Redio kitu, jengo zima limeambiwa. Siku ya maonyesho walijitokeza majirani, wamechana, wamepaka mafuta, na Redio amevaa tai. Mama alitoa gauni lake la kutokea na kikapu chake chenyewe, kile cha kweli, kwa sababu, alisema, watu wasije wakamwona kwenye skrini na kikapu halafu wamwone mikono mitupu wakadhani ameibiwa.

Tulishuka kwa ngazi. Lifti ya jengo letu ilikuwa imelala, na fundi wake, kama unavyojua, ni mimi. Lakini nilikuwa na kazi za nje nyingi, za majengo yenye wakurugenzi wasiojua kungoja, na ya nyumbani huwa inavumilia. Kila penye kona ya ngazi mama alisimama akashika ukuta kidogo, na mimi nikamtania kwamba staa hapaswi kufika na pumzi zake zote. Alicheka. Mama hucheka ukimtania. Hata akiwa anahema.

Dada tulimkuta mlangoni pa ukumbi, ametoka moja kwa moja safarini, begi mgongoni. Mlinzi alitaka kuona ndani ya kikapu. Mama akamwambia atakuta miwani na biskuti, na kwamba miwani asile. Tukapita. Ndani zulia lilikuwa nene kiasi kwamba hatukusikia miguu yetu, baridi ya viyoyozi ilitufanya tukumbatie mikono, na kwenye kila kiti paliwekwa kalamu yenye nembo ya kampuni. Redio alikusanya na za viti vilivyokuwa vitupu.

Tulikaa mstari wa pili. Mtafiti akapanda jukwaani: binti mwembamba, miwani ameining'iniza shingoni, sauti ndogo lakini imenyooka. Alieleza kwamba mashine yao hakuna aliyeifundisha lifti ni nini wala binadamu ni nini. Iliambiwa jambo moja tu, kusanya pointi, kisha ikaachwa ijaribu na kukosea mpaka ijue yenyewe. Akaonyesha ilivyokuwa mwanzoni: lifti inafungua mlango katikati ya ghorofa, inapanda tupu, inashuka tupu, inamzungusha daktari wa watu kama nguo kwenye mashine ya kufulia. Ukumbi ukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana nimeshakutana na lifti za kweli za aina hiyo.

Kisha akaonyesha mashine iliyoiva. Nakiri ilikuwa inapendeza. Lifti iliruka kama inajua mawazo ya wapangaji: huyu juu, yule chini, mlango kufunguka na kujifunga bila kupoteza hata pumzi. Namba za pointi pembeni zilipanda mbio. Na pale ghorofa ya chini, polepole, akatokea Mama Kikapu.

Mstari wetu wote ulitikisika. Redio alikohoa akatangaza kwa walio nyuma kwamba yule pale ndiye huyu hapa. Mama akaketi wima.

Lifti ikashuka, mlango ukafunguka. Kando ya Mama Kikapu alisimama mwanafunzi mmoja. Mwanafunzi akaingia, mlango ukajifunga, na Mama Kikapu, aliyekuwa ndiyo kwanza anainua mguu, akaurudisha. Nikajiambia kwamba atapanda zamu ijayo. Lifti ikarudi, ikamchukua daktari, ikaondoka. Ikarudi tena, ikamchukua Redio, yule wa mchezo, ikaondoka. Ilikuwa kama pale alipo Mama Kikapu hapana mtu. Uso wake ukaanza kuwa mwekundu. Pointi zikavuka rekodi, watu wa nyuma yetu wakapiga makofi, na Mama Kikapu bado yuko chini amekumbatia kikapu.

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Redio alizimika.

Mama aliinama akaninong'oneza, "Huyo anayeendesha hanioni?"

Nikamwambia, "Anakuona."

"Sasa nimemkosea nini?"

Hapo ndipo akili iliponitoka. Nilisimama katikati ya ukumbi wenye zulia nikapiga kelele mlango ufunguliwe, mama apandishwe, wamekosa adabu, kampuni nzima na mashine yao. Sikumbuki yote. Dada anasema nilitaja pia hali ya viyoyozi. Watu wakadhani ni sehemu ya maonyesho, wakapiga makofi zaidi. Mtafiti alisimamisha skrini, akawaambia wageni kwamba mapumziko yameanza mapema, na kwamba sehemu ya pili itaendelea baada ya chakula cha mchana.

Alitukuta kwenye korido, karibu na mtungi wa maji ya kunywa. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, lakini binti alinipita kama anayepita nguzo akaenda kwa mama, akamwamkia, akamshika mikono yote miwili akamwomba radhi. Akasema yeye ule mchezo ameucheza tangu akiwa mwanafunzi, kwenye chumba cha kupanga, mama yake yuko mbali. Kulikuwa na siku ambazo sauti pekee iliyomuuliza kama amechana nywele ilikuwa ya Mama Kikapu. Hakuwahi kumwacha chini hata mara moja, na mechi nyingi alishindwa kwa sababu hiyo.

Ndiyo maana, akaendelea, kati ya michezo yote aliuchagua huu kuonyesha utafiti wake. Sehemu ya pili, ile niliyoikatiza kwa kelele zangu, ilikuwa ya kuonyesha binadamu wanavyocheza. Walikusanya mechi za maelfu ya watu waliokubali zitumike, wa kila upande wa dunia, na karibu wote wanambeba Mama Kikapu, ingawa hawapati chochote. Alitaka awaulize wakubwa wake mbele ya watu: hawa wanajua kitu gani ambacho mashine yetu, pamoja na rekodi zake zote, haikijui?

"Lakini hayo yote yamo kwenye video niliyowatumia," akaniambia kwa upole. "Hukuitazama mpaka mwisho?"

Dada akageuza shingo taratibu akanitazama. Nikasema niliitazama sehemu muhimu.

Mama alikuwa bado kwenye neno moja. Akamuuliza binti ana maana gani anaposema hawapati chochote. Na binti wa watu, asiyejua ya nyumbani kwetu, akamweleza kwa moyo mweupe kwamba kila mpangaji amepangiwa pointi zake. Daktari ana ishirini, mwanafunzi ana kumi, bwana anayekohoa ana tano. Mama Kikapu ana sifuri. Mashine inasoma hizo tu, ikaona kumngoja ni hasara.

"Nani alipanga hivyo?" mama akauliza.

Binti alitaka kujibu, ghafla akaona uso wangu, akaanza kufuta miwani yake. Dada akapata kitu cha kutazama kwenye dari. Redio, ambaye kwenye mchezo ana tano, alizipanga kalamu zake upya mfukoni kwa heshima ya mtu aliyegundua kwamba ana cheo.

Nikamwambia ni mimi. Nikajitetea haraka kwamba ulikuwa utani, kwamba siku zile alikuwa anazuia mlango kwa kikapu jengo zima linangoja, nikaona ni kichekesho mtu mmoja awepo ambaye kumbeba ni kazi bure. Na kweli watu walicheka, dunia nzima ilicheka, hata yeye angejua angecheka.

"Sifuri," mama akasema. Alilitamka kama mtu aliyeonja chai akakuta sukari imesahaulika.

Hakucheka. Hilo sikuwahi kuliona. Nimetania watu maisha yangu yote na nimepigwa makofi ya kweli mara tatu kwa utani huo, lakini hakuna kofi lililowahi kuniuma kama mama kutocheka.

Nikachomoa kompyuta kwenye begi la dada mwenyewe akiwa amelivaa. Nikasema nabadilisha sasa hivi, pale pale, namwekea mama hamsini, ampite hata daktari. Nikamuuliza binti kama mashine yake inaweza kujifunza upya kabla ya kipindi cha mchana. Alifikiri, akasema inaweza, muda wa chakula unatosha, na mchana ukumbi mzima utamwona Mama Kikapu anakimbiliwa na lifti. Ila sehemu yake ya pili itakuwa haina maana tena. Alisema hayo akitazama viatu vyake. Kisha akainua uso akasema yuko tayari, kwa sababu hataki mama arudi nyumbani hivi.

Nikabadilisha. Namba moja tu, nikamsogezea dada kompyuta asome akubali.

"Sikubali," dada akasema.

Nikamwambia hajasoma hata. Akasema amesoma, ni sifuri imekuwa hamsini, na hakubali. Nikamkumbusha kwamba huyu ni mama.

"Ndiyo maana nakataa. Wale watu wote wamembeba bure, Kidole. Kwa mapenzi tu. Ukimwekea hamsini leo, kesho utajuaje nani alimpenda na nani alikuwa anatafuta hamsini?"

Nikamjibu kwamba hao wapenzi wa mbali hawamo ukumbini. Waliomo ni majirani waliochana nywele kuja kumwona mama akipanda, wakamwona anaachwa kama mfuko uliosahaulika. Nikamwambia anapenda kanuni zake kuliko mzazi wake. Akaniambia mimi napenda makofi, na kwamba hata hii hamsini si ya mama, ni ya kunisafisha mimi. Nilimwambia arudie. Akarudia. Mlinzi wa mlangoni alianza kutusogelea. Redio, kwa nia njema kabisa, akapendekeza tukutane kwenye ishirini na tano, na hapo mimi na dada tulipatana kwa mara ya kwanza siku hiyo, tukamwambia anyamaze.

Binti mtafiti alisema kwa sauti yake ndogo kwamba muda unakwenda. Mashine ianze kujifunza sasa, au isianze kabisa.

Muda huo wote mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mtungi wa maji, kikapu magotini, anakula biskuti. Alikula ya mwisho bila haraka. Akapangusa makombo kwenye gauni, akakunja karatasi ya biskuti mara mbili, akairudisha ndani ya kikapu. Nikapiga goti mbele yake na kompyuta mkononi, kidole tayari.

"Mama, sema wewe, maana anayeachwa pale chini ni wewe. Nikuwekee pointi, ikupandishe?"

Aliitazama namba kwenye kioo, kisha akanitazama mimi.

"Mashine ile haijui mimi ni mama wa nani, sina la kuidai," akasema. "Wewe unajua, na lifti ya nyumbani imelala, huu ni mwezi wa tatu napanda kwa miguu. Haya niambie, mwanangu: wewe nikuwekee pointi ngapi?"